Matembezi ya mtaani: jengo na duka visitenganishwe

Mhariri,

Matangazo ya matembezi ya kuongozwa mtaani, yale ya kuzungukia majengo ya kale na maduka madogo, yanazidi kuonekana magazetini, na sisi tunaoifanya kazi hii tunafurahi. Lakini karibu yote hutaja mambo matatu tu: siku, saa na mahali pa kukutania. Msomaji haambiwi atatembea umbali gani, atapanda ngazi ngapi, watu watakuwa wangapi, wala kama ataingia ndani ya karakana au ataishia kuchungulia dirishani. Ukiuliza, mara nyingi utakuta hata mwandaaji hajui. Tunaomba nafasi tueleze kazi hii inavyopangwa, maana ikipangwa ovyo anayeumia zaidi ni mwenye duka: mtembeaji amepoteza saa mbili, yeye amepoteza wateja wa asubuhi nzima.

Kosa linalozaa mengine ni kupanga matembezi kana kwamba yana sehemu mbili, majengo kwanza halafu "muda wa kununua". Jengo la kale na duka dogo ni habari moja. Jane Jacobs, mwandishi wa Marekani aliyehamia Toronto mwaka 1968, alieleza jambo hili tangu mwaka 1961: biashara changa huhitaji majengo ya zamani, kwa sababu jengo jipya bado linadaiwa gharama za ujenzi, na gharama hizo humwangukia mpangaji kwenye kodi. Fundi viatu, fundi saa na mfunga vitabu hawaimudu kodi hiyo. Wanaishi kwa kuwa ghorofa kuukuu lilishalipiwa zamani.

Na jengo nalo linamhitaji fundi. Jengo lisilo na mpangaji huanza kufa kutokea juu. Kigae kimoja kinahama, au mfereji wa paa unaziba kwa majani; maji yanakosa njia, yanateremka ndani ya ukuta, ncha za boriti zilizochomekwa ukutani zinaoza, na hakuna anayejua kwa kuwa hakuna anayeingia. Mpangaji huliona tone la kwanza likidondoka juu ya meza yake ya kazi, naye hupiga simu siku hiyo hiyo. Mwongozaji akiyaeleza haya akiwa amesimama chini ya paa lenyewe, huku fundi akiendelea kugonga nyundo ndani, watembeaji wanaelewa mara moja kwa nini wapo pale. Akiwasomesha orodha ya miaka na mitindo ya usanifu, watasahau kabla ya kufika kona ya pili.

Jacobs alifariki mwaka 2006, na mwaka uliofuata rafiki zake wa Toronto walianzisha matembezi ya kumkumbuka. Hayana kiingilio, huongozwa na wakazi wenyewe, hufanyika kila mwanzo wa Mei, na sasa yameenea katika miji mingi duniani. Ni mfano mzuri kwa anayetaka kuanza bila mtaji. Tahadhari tu: mkazi anayeujua mtaa wake vizuri bado hajui kuongoza watu kumi na tano barabarani. Hiyo ni kazi nyingine, na hesabu yake ni hii.

Mtu mmoja mwenye afya hutembea kama kilomita 5 kwa saa. Kundi halifiki huko. Kwa kungojana, kuvuka barabara na kutazama huku na huku, kundi likienda kilomita 3 kwa saa limekwenda vizuri. Kwa hiyo kilomita 1.5 zinakula dakika 30 za mwendo mtupu. Weka majengo matatu ya kutazamwa kutoka nje, dakika 6 kila moja: 18. Weka maduka matatu ya kuingia, dakika 20 kila moja: 60. Ongeza dakika 10 za mwanzo, za kuhesabu watu, kuwangoja waliochelewa na kueleza utaratibu. Jumla ni dakika 118. Saa mbili zimekwisha, na hujatembea hata kilomita mbili.

Wengi hawaamini hesabu hii mpaka waijaribu. Wanapanga kilomita 4 na vituo kumi na viwili, halafu kuanzia kituo cha tano wanakimbia, na vituo vinavyokatwa huwa ni maduka, kwa sababu ndiyo yanayochukua muda. Pengine kinachowapotosha ni njia mashuhuri za kutembea peke yako. Ile ya Boston, Freedom Trail, iliyopendekezwa mwaka 1951 na mwandishi wa habari William Schofield, ina vituo 16 katika kilomita 4 na mstari mwekundu unaomwongoza mtembeaji. Inamfaa mtu aliye na nusu siku, anayeweza kukaa kwenye benchi akichoka na kuruka kituo kisichompendeza. Mstari unaweza kumfikisha mtu mbele ya jengo. Kumfungulia mlango wa karakana na kumwomba fundi aache kazi yake kidogo kunahitaji mtu, na kunahitaji muda.

Sasa dakika 20 za dukani zinatoka wapi? Chukua duka la mita 3 kwa 4. Hizo ni mita za mraba 12, na nusu yake imeliwa na rafu, meza na mashine. Zinabaki 6, ambazo watu sita wanaweza kusimama bila kusukumana wala kuangusha kitu. Ukiingiza kumi na wawili, sita wa nyuma watatazama migongo ya wenzao, mlango utazibwa, na mteja aliyekuja kuchukua viatu vyake atageuza kurudi. Dawa yake ni nusu ndani, nusu nje. Sita wanaingia kwa fundi, sita wanabaki nje na mwongozaji wakisoma uso wa jengo hilo hilo. Baada ya dakika 8 hadi 10 wanabadilishana. Hii inakulazimisha kuchagua duka lililo ndani ya jengo lenye la kusema, na hapo habari mbili zinakuwa moja zenyewe bila hotuba. Inahitaji pia msaidizi mmoja wa kuangalia saa na mlango.

Fundi viatu ndiye anayetupa mfano bora. Gundi anayotumia kubandika soli hupakwa pande zote mbili, soli na kiatu, kisha huachwa wazi kama dakika 10 hadi 15 mpaka ukiigusa kwa kidole isilowanishe bali inate kidogo. Ukibandika ikiwa mbichi, soli itateleza na kubanduka baada ya siku chache. Basi fundi aliyeandaliwa vizuri anakuwa na viatu viwili mezani. Kimoja alikipaka kabla kundi halijafika, na hicho ndicho kundi la kwanza linaona kikibandikwa na kugongwa kwa nyundo kuanzia katikati kwenda kingoni, hewa itoke. Halafu mbele ya macho yao anakipaka cha pili, na kinapokuwa tayari kundi la pili limeshaingia. Kila kundi limeona kazi, na fundi amemaliza viatu viwili vya wateja bila kupoteza asubuhi. Kila ufundi una kungoja kwake kama huku, iwe unga kuumuka, rangi kukauka au chuma kushika moto. Mwongozaji hodari huutafuta muda huo wa kungoja na kupanga kundi lake kuuzunguka.

Ndiyo maana mazungumzo na mwenye duka lazima yafanyike wiki mbili au tatu kabla, ana kwa ana, na si siku ya Jumamosi saa nne asubuhi huku umesimama na watu nyuma yako. Muulize ni siku gani na saa ngapi ana nafasi, na ujenge ratiba kutokana na jibu lake. Mwoka mikate huwa ameamka usiku. Asubuhi saa nne kazi nzito imepita na tanuri bado lina joto la kuonyesha. Kinyozi Jumamosi hana hata dakika. Mgahawa utembelewe kati ya mlo na mlo. Waandaaji wengi hufanya kinyume: wanapanga saa inayowafaa watembeaji, kisha wanashangaa fundi kawanunia.

Mkubaliane pia atasema nini. Mafundi wengi si wasemaji, na ukimwambia "hebu tuelezee historia ya duka lako" atajikunja au atatoa sentensi mbili. Usimwombe aeleze, mwombe aonyeshe. Kifaa kipi ni cha zamani kuliko vyote humu? Sehemu ipi ya kazi humtesa mwanafunzi? Wateja hukosea nini wanapotunza kitu walichonunua kwako? Maswali hayo matatu yanamfungua karibu kila fundi, kwa sababu majibu yako mikononi mwake. Kibaya kuliko vyote ni mwongozaji kumsemea fundi aliyesimama pale pale, kama vile ni sanamu ya makumbusho. Tunalisema kwa ukali kwa kuwa linafanyika kila wiki, na ni dharau.

Kuhusu fedha, msimamo wetu ni kwamba duka likisimamisha kazi zaidi ya dakika 10 kwa ajili ya kundi, lilipwe fungu kutoka kwenye kiingilio, liwe limepatana mapema na lilipwe siku ile ile. Kinyume chake, yaani mwongozaji kupewa kamisheni na duka kwa kila kinachonunuliwa, kunaua matembezi polepole. Duka halichaguliwi tena kwa ufundi wake, linachaguliwa kwa asilimia inayotolewa, na watembeaji hunusa jambo hilo haraka kuliko mtu anavyodhani. Kama ipo kamisheni, itangazwe wazi mwanzoni.

Halafu msilichoshe duka moja. Kundi la watu kumi na wawili mara mbili kwa wiki, ambao kati yao wanaonunua ni wawili watatu, ni mzigo hata kwa mtu mkarimu. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema. Mgeni asiwe ndiye anayemwongezea mwenyeji ugonjwa. Andaeni orodha ya maduka nane au tisa na mtembelee matatu kila safari kwa zamu. Vitu vizito au vinavyovunjika viwe mwisho wa njia, kwa sababu hakuna atakayenunua chungu kwenye kituo cha kwanza akibebe saa moja na nusu. Na kila mtembeaji aondoke na kadi moja yenye majina ya maduka yote, mahali yalipo na saa za kufungua. Wengi hurudi siku nyingine, bila haraka na bila kundi, na hao ndio wateja wa kweli.

Tukirudi kwenye majengo. Tunaomba waongozaji wenzetu waache kutaja mwaka wasiouweza kuutetea. Mwaka uliochongwa juu ya mlango unaweza kuwa wa kuanzishwa kwa kampuni, au wa ukarabati, au jiwe lenyewe lilihamishwa kutoka jengo lililobomolewa. Picha ya zamani yenye tarehe inathibitisha jambo moja tu: kwamba siku ile jengo lilikuwa limeshasimama. Ramani mbili husaidia zaidi. Ikiwa jengo halimo kwenye ramani ya kwanza na limo kwenye ya pili, umepata mipaka ya kabla na baada. Hati za ardhi, orodha za kodi za majengo na vitabu vya zamani vya anwani huonyesha nani alikuwa humo na alifanya biashara gani. Simulizi za wazee zina thamani kubwa, hasa kwa mambo ambayo hayakuandikwa, lakini mwongozaji aseme wazi kwamba ni simulizi. Vyanzo viwili visivyotegemeana, au sema "inakadiriwa". Hakuna mtembeaji aliyewahi kudai arudishiwe kiingilio kwa sababu aliambiwa ukweli.

Kinachowasisimua watu kuliko mwaka ni kufundishwa kutazama. Waambie wainue macho. Sehemu ya chini ya jengo la biashara hubadilishwa na kila mpangaji, vioo vipya, bango jipya, mlango wa chuma; ghorofa ya juu huachwa ilivyo kwa kuwa hakuna anayeuza kitu kule. Kwa hiyo jengo linaloonekana la jana ukilitazama usawa wa macho, linaweza kuwa la karne iliyopita ukilitazama mita nne juu. Pengine utaona hata maandishi ya rangi yaliyofifia ya biashara iliyokufa zamani, yakionekana vizuri zaidi ukuta ukiwa umelowa mvua.

Kisha washushe macho hadi kwenye kiraka cha saruji. Kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa mota ya chokaa, yaani udongo wa kuunganishia mawe au matofali, ambayo ni laini na hupumua: unyevu unaoingia ukutani hutokea kwenye viungo vya mota. Akija fundi wa siku hizi akaziba viungo kwa saruji ngumu, unyevu unakosa pa kutokea na kulazimika kupita kwenye tofali au jiwe lenyewe. Chumvi iliyomo kwenye maji inakauka karibu na uso wa tofali, na uso unaanza kubanduka magamba. Matokeo unayaona kwa macho: viungo vya saruji vimesimama vizima kama fremu za dirisha, na matofali katikati yake yamelika kwenda ndani. Mtu aliyeonyeshwa hilo mara moja ataliona kila mtaa atakaopita, na kama ana nyumba ya zamani atafikiri mara mbili kabla ya kuita saruji. Mbele ya ukuta huo dakika sita huwa hazitoshi. Asiuguse wala kuukwangua, hata hivyo; watu kumi na wawili kila wiki, kila mmoja na kucha yake, ni uharibifu.

Mwanga nao upangwe. Ukuta unaotazama mashariki usomwe asubuhi, unaotazama magharibi usomwe jioni, maana michoro na nakshi huonekana kwa kivuli chake. Mwongozaji asimame yeye akitazamana na jua ili wasikilizaji walipe mgongo. Asimame pia juu ya ngazi au kizingiti kilicho wazi, si mlangoni pa mtu, na aache upande mmoja wa njia upitike. Wakazi hawakuomba kutembelewa. Asinyooshee kidole madirisha ya watu, asisimulie mambo ya familia zilizo hai, na picha za fundi au za watoto zisipigwe bila ruhusa.

Kundi tunalolipendekeza ni watu 12, na lisizidi 16. Zaidi ya hapo sauti ya kawaida haiwafikii wa nyuma penye magari, na ukitumia kipaza sauti umeukera mtaa mzima. Watu ishirini wakitembea wawili wawili hujinyoosha mita 25 hadi 30. Barabara ya upana wa mita 12 mtu wa kwanza huivuka kwa sekunde kama 10, lakini wa mwisho yuko nusu dakika nyuma yake, na taa imeshabadilika. Hapo ndipo watu hukimbia mbele ya magari ili wasiachwe. Kwa hiyo awepo mfunga msafara, avae kitu kinachoonekana, na mwongozaji asifungue mdomo kwenye kituo chochote mpaka amwone huyo mtu wa mwisho amefika. Wanaochelewa kufika ni wale wale kila mara, wazee na wenye maumivu ya miguu, na wakikuta maelezo yamekwisha kila kituo, wamelipia kutembea tu.

Njia ipitiwe mara mbili kabla, siku ile ile ya wiki na saa ile ile. Mara ya kwanza mwongozaji peke yake na saa mkononi. Mara ya pili na mtu asiyeijua, kwa sababu yeye ndiye atakayejikwaa pale ulipozoea kuruka. Lori la kushusha mizigo linaegesha wapi? Shule inafungua milango saa ngapi? Choo kipo mwanzoni, na kingine kabla ya saa moja kwisha? Mvua ikinyesha mnajibanza wapi? Hesabu ngazi na upime milango: kiti cha magurudumu kinahitaji kama sentimita 80 hadi 90 za upana, na kizingiti kimoja cha sentimita 15 kinatosha kumfungia mtu nje. Ukikijua mapema utaleta ubao. Ukikijua siku yenyewe utaleta aibu.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti linapopokea tangazo la matembezi ya aina hii, liwatake waandaaji waongeze mambo haya: mwanzo na mwisho wa njia, maana mara nyingi si mahali pamoja, umbali kwa kilomita na muda kwa dakika, idadi ya ngazi na kama kiti cha magurudumu kinapita, choo kilipo, idadi ya juu ya watu, maduka mangapi yataingiwa ndani, na kama wenye maduka wanalipwa. Maneno 60 yanatosha kubeba yote hayo. Mwandaaji asiyeweza kuyajibu bado hajaipita njia yake, na tangazo lake lisubiri toleo linalofuata.

Wako,
Waongozaji wa matembezi ya mtaani